Mali Bila Daftari: Zhu Jiajin na Kiti cha Enzi cha Kasri la Beijing

Utangulizi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia kwa wenye maduka, lakini inawafaa vilevile wenye makumbusho. Makala haya yanazungumzia mali ya aina ya pekee: viti, meza, viwambo, makabati na mapazia ya kasri la wafalme wa China mjini Beijing. Yanamzungumzia pia mtaalamu mmoja wa makumbusho, Zhu Jiajin (1914-2003), ambaye kwa zaidi ya nusu karne aliuliza swali linaloonekana dogo: kitu hiki kilikaa wapi, na tunajuaje?

Kwa Wachina jina la ukoo hutangulia, kwa hiyo hapa tutamwita Zhu. Hoja yetu ni kwamba kasri bila samani zake ni kuta tu, na samani zisizo na ushahidi wa mahali pake ni mapambo tu. Kazi ya Zhu ilikuwa kuziunganisha mbili hizo. Mfano ulio bora kuliko yote ni mkasa wa kiti cha enzi kilichotoweka mwaka 1915 na kurudishwa mahali pake mwaka 1964.

Kasri lenyewe

Kasri la Beijing, maarufu kwa jina la Mji Uliokatazwa, lilijengwa kati ya mwaka 1406 na 1420 kwa amri ya mfalme Yongle wa nasaba ya Ming. Liliitwa hivyo kwa sababu raia wa kawaida hakuruhusiwa kuingia. Eneo lake ni mita za mraba 720,000, nalo limezungukwa na ukuta na handaki la maji. Wafalme 24 walitawala humo: 14 wa nasaba ya Ming na 10 wa nasaba ya Qing, mpaka ufalme ulipoanguka mwanzoni mwa mwaka 1912.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kumkumbuka Yongle. Ndiye mfalme aliyetuma merikebu za Zheng He katika Bahari ya Hindi, na ndiye aliyepelekewa twiga mwaka 1415 na ujumbe kutoka nchi ambayo kumbukumbu za Kichina zinaiita Malin, ambayo wanahistoria wengi wanaitambua kuwa Malindi. Wakati twiga huyo anasafirishwa, ujenzi wa kasri tunalolizungumzia ulikuwa unaendelea.

Katikati ya kasri kuna ukumbi mkubwa kuliko zote, Taihe Dian, yaani Ukumbi wa Upatanifu Mkuu. Una nguzo 72, umeinuliwa juu ya jukwaa la mawe meupe la ngazi tatu, na ndimo zilimofanyika sherehe kubwa za dola kama vile kutawazwa kwa mfalme na sikukuu ya mwaka mpya. Ukumbi huu umeungua mara kadhaa. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1421, miezi michache tu baada ya kuzinduliwa. Jengo linaloonekana leo lilikamilika mwaka 1697, wakati wa mfalme Kangxi.

Daftari la kwanza

Ufalme ulipoanguka, kasri liligawanyika sehemu mbili. Sehemu ya mbele, yenye kumbi kubwa ikiwemo Taihe Dian, ilichukuliwa na serikali ya jamhuri, na mwaka 1914 ilifunguliwa humo taasisi ya kuonyesha vitu vya kale. Sehemu ya nyuma, yenye makazi, aliachiwa mfalme wa mwisho, Puyi, aliyekuwa bado mtoto. Aliishi humo mpaka tarehe 5 Novemba 1924, alipotolewa na wanajeshi.

Baada ya Puyi kuondoka, iliundwa kamati ya kuhesabu kila kitu kilichobaki. Wajumbe waliingia chumba kwa chumba, wakiandika wanachokikuta mahali pale pale walipokikuta. Kila jengo lilipewa herufi moja kutoka katika kitabu cha kale cha Kichina cha maneno elfu moja, kisha kila kitu kikapewa namba. Walianzia Qianqing Gong, jengo kuu la makazi, ambalo lilipewa herufi ya kwanza, inayomaanisha “mbingu”. Kitu cha kwanza kuandikwa, namba moja ya mbingu, hakikuwa taji wala kito. Kilikuwa kigoda cha mbao chenye vidato viwili, cha kupandia.

Hesabu hiyo ilitoa ripoti ya vitabu 28 yenye vitu zaidi ya 1,170,000. Tarehe 10 Oktoba 1925 Makumbusho ya Kasri yakafunguliwa rasmi.

Hapa ndipo penye kiini cha mkasa wetu. Kamati ilihesabu sehemu ya nyuma tu. Ukumbi wa Taihe Dian ulikuwa chini ya taasisi nyingine, na kiti chake cha enzi kilikuwa kimeshaondolewa miaka tisa kabla ya hesabu kuanza.

Zhu Jiajin ni nani?

Zhu alizaliwa Beijing mwaka 1914 katika familia ya wasomi inayojihesabu kuwa ya kizazi cha mwanafalsafa Zhu Xi wa karne ya 12. Baba yake, Zhu Wenjun, alikuwa mkusanyaji mashuhuri wa nakala za maandishi yaliyochongwa katika mawe. Nyumba ya familia ilikuwa na samani, michoro na vitabu vya thamani. Mtoto huyo, basi, alijifunza kutambua mbao na vitu vya kale nyumbani kwao kabla ya kusoma habari zake vitabuni. Alihitimu katika fasihi ya Kichina kwenye Chuo Kikuu cha Fu Jen mwaka 1941.

Miaka hiyo ilikuwa ya vita. Mwaka 1933, kwa kuhofia majeshi ya Japani, Makumbusho ya Kasri yalipakia hazina zake katika masanduku zaidi ya 13,000 na kuzihamishia kusini, kisha zikasambazwa magharibi. Zhu alikimbilia Chongqing, mji mkuu wa wakati wa vita, na huko mwaka 1943 alisaidia katika maonyesho ya baadhi ya hazina hizo. Vita vilipokwisha aliajiriwa na makumbusho hayo, na hakuyaacha tena mpaka alipofariki tarehe 29 Septemba 2003.

Mwishoni mwa mwaka 1948 na mwanzoni mwa 1949, masanduku 2,972 yalipelekwa Taiwan, na leo yaliyomo ndiyo msingi wa makumbusho makubwa ya Taipei. Hivyo hazina ya wafalme wa China imekuwa na nyumba mbili. Lakini kaure na mchoro huweza kufungwa sandukuni na kuhamishwa, ukumbi hauhamishiki. Swali la chumba gani kilikuwa na nini lilibaki Beijing, na ndilo Zhu alilolifanya lake.

Kiti kilichotoweka

Neno “kiti cha enzi” si geni kwetu. Katika pwani ya Waswahili, hasa Lamu na Pate, ni jina la kiti halisi cha mbao nyeusi kilichonakshiwa kwa pembe, ambacho kilitengwa kwa mgeni wa heshima au mwenye mamlaka. Asiyestahili hakukikalia. Kwa hiyo msomaji wetu haitaji kuelezwa kwamba kiti huweza kubeba zaidi ya uzito wa mtu.

Yuan Shikai pia alilijua jambo hilo. Alikuwa rais wa Jamhuri ya China, lakini mwezi Desemba 1915 alijitangaza kuwa mfalme. Katika matayarisho ya kutawazwa, kiti cha kale cha Taihe Dian kiliondolewa. Mahali pake pakawekwa kiti kipya cha mtindo wa Kizungu, chenye egemeo refu na kitambaa cheupe. Ufalme wa Yuan ulipingwa nchi nzima. Mwezi Machi 1916 aliuacha, na mwezi Juni akafariki. Kiti chake, hata hivyo, kiliendelea kukaa katikati ya ukumbi kwa zaidi ya miaka 30, na kwa miaka yote hiyo watu walioingia kutazama kiti cha wafalme walikuwa wakitazama kiti cha mtu aliyeshindwa kuwa mfalme.

Mwaka 1947 Makumbusho ya Kasri yalikabidhiwa sehemu ya mbele. Uamuzi wa kukiondoa kiti cha Yuan ulikuwa rahisi, lakini kupata cha kuweka badala yake kulikuwa kugumu. Kasri lilikuwa na viti vingi vya enzi, kwani karibu kila ukumbi ulikuwa na chake. Vilijaribiwa kadhaa, lakini kila kimoja kilionekana kigeni mbele ya kiwambo kikubwa cha dhahabu kilichobaki nyuma ya jukwaa. Vyote vilikuwa viti halali vya wafalme, ila havikuwa vya pale.

Jibu lilipatikana mwaka 1959. Zhu aliona picha ya zamani ya ndani ya ukumbi, ya wakati ule majeshi ya mataifa manane yalipoiteka Beijing mwaka 1900. Kutekwa kwa mji kulikuwa fedheha kubwa kwa Wachina, lakini kuliwafungulia wapigapicha wa kigeni milango iliyokuwa imefungwa. Ndani ya picha hiyo kiti kilionekana mahali pake, umbo lake likiwa wazi. Sasa Zhu alijua anatafuta nini. Akaanza kuzunguka maghala ya kasri, na katika ghala moja la samani mbovu akakuta kiti kikubwa kilichovunjika, chenye mabaki ya mazimwi ya dhahabu. Akakilinganisha na picha, na ndicho kilichokuwa.

Tukizingatie kidogo kisa hiki. Kiti hakikuwa kimeibwa wala kuuzwa ng’ambo. Kilikuwa ndani ya kuta zilezile kwa zaidi ya miaka 40, katikati ya mbao mbovu, kwa sababu hakuna daftari lililosema ni kiti gani. Laiti mtu mwenye bidii ya usafi angetangulia kulisafisha ghala lile, huenda kingeishia kuwa kuni.

Siku 766 za kazi

Kukipata kiti hakukutosha, kwa kuwa vipande vyake vingi vilikuwa vimepotea. Zhu na wenzake walikataa kubuni. Kwanza walikuwa na picha. Pili, walitumia mchoro rasmi wa mfalme Kangxi akiwa amevaa mavazi ya baraza, kwani kiti kilichochorwa humo kilikuwa cha aina hiyohiyo. Tatu, walichunguza kiti kingine cha kasri kilichoundwa baadaye kwa kufuata mtindo huo. Pale ambapo kipande kilikosekana, mashahidi hao ndio walioulizwa kilikuwaje.

Kazi ilianza mwaka 1963, nayo iliwahusisha maseremala, wachongaji, mafundi wa rangi ya utomvu wa mti ambayo Wachina huipaka tabaka kwa tabaka, na mafundi wa kubandika dhahabu. Ilichukua siku 766 za kazi ya mtu mmoja na kukamilika mwezi Septemba 1964. Kiti kina kimo cha karibu mita 1.7, na mazimwi 13 yamejizungusha kwenye egemeo na nguzo zake. Kwa kulinganisha mtindo wa uchongaji, Zhu alitoa maoni kwamba huenda kiliundwa wakati wa mfalme Jiajing wa nasaba ya Ming, katika karne ya 16, kikaendelea kutumiwa na wafalme wa Qing. Aliyatoa kama maoni, na sisi tuyachukue hivyo hivyo.

Samani kama nyaraka

Haitoshi kumsifu Zhu kwa kukitambua kiti kimoja. Mchango wake mkubwa zaidi ni namna alivyosoma nyaraka pamoja na mbao. Wataalamu wengi wa samani za China hutazama umbo na aina ya mbao. Rafiki yake aliyezaliwa mwaka uleule wa 1914, Wang Shixiang, alijulikana duniani kote kwa vitabu vyake juu ya samani za Ming: viti vya mistari myepesi, vilivyoungwa kwa ulimi na tundu bila kutegemea misumari, mara nyingi kwa mbao za rangi ya asali ziitwazo huanghuali. Samani za Qing, hasa za kasri, zilikuwa nzito zaidi, zenye nakshi nyingi, na zilipenda mbao nyeusi yenye wekundu iitwayo zitan.

Zhu aliongeza swali jingine: nani aliamuru, lini, na kwa ajili ya chumba gani? Nasaba ya Qing ilikuwa na karakana za kasri zilizotengeneza kila kitu, kuanzia saa na chupa hadi vitanda. Makarani waliandika kila amri ya mfalme kwa tarehe. Zhu alizisoma kumbukumbu hizo kwa miaka mingi, na mwaka 1985 alichapisha utafiti kuhusu utengenezaji wa samani wakati wa mfalme Yongzheng, aliyetawala mpaka mwaka 1735. Nyaraka hizo zinamwonyesha Yongzheng akijishughulisha mwenyewe na vipimo, rangi na maumbo, na akirudisha vitu visivyompendeza. Kwa njia hiyo kipande cha samani kilichokuwa “cha karne ya 18” tu kinaweza kupata mwaka, mwagizaji na chumba.

Kulikuwa pia na madaftari ya kila jengo, yaliyotaja vitu vilivyopangwa ndani yake. Kwa kutumia madaftari haya pamoja na ripoti ya 1925, Zhu aliongoza kazi ya kurudisha vyumba kadhaa katika hali yake ya asili.

Mfano wa kwanza ni chumba cha mashariki cha Yangxin Dian. Mwaka 1861 mfalme Tongzhi alirithi ufalme akiwa mtoto wa miaka mitano, na madaraka yakashikwa na wajane wawili, Cixi na Ci’an. Katika chumba hicho kuna kiti cha mtoto mbele, kisha pazia la njano, na nyuma ya pazia kiti kingine. Anayeona mpangilio huo ameelewa siasa ya China ya wakati ule bila kusoma sura nzima ya kitabu.

Mfano wa pili ni Kunning Gong. Kwa jina ni jengo la malkia, na mtu angetarajia kuona vioo na hariri. Lakini wafalme wa Qing walikuwa Wamanchu, nao waliligeuza kuwa mahali pa kutambikia. Ndani yake mna majiko na masufuria makubwa ya kuchemshia nyama ya nguruwe wa kafara. Kama mtu angelipamba jengo hilo kwa kubahatisha, masufuria yangekuwa ya kwanza kuondolewa.

Pingamizi mbili

Wapo wanaoweza kuuliza: chumba kilichotumika miaka 500 kina “hali ya asili” ipi? Swali hili ni la haki, kwa maana kila mfalme alihamisha vitu. Jibu la Zhu na wenzake lilikuwa kuchagua wakati mmoja wenye ushahidi na kuufuata. Chuxiu Gong, kwa mfano, kilipangwa kama kilivyokuwa Cixi alipotimiza miaka 50, mwaka 1884. Mtazamaji anaonyeshwa wakati fulani unaojulikana, si mchanganyiko wa vitu vizuri vya kila zama.

Pingamizi ya pili ni ya kisiasa. Je, kukitengeneza kiti cha enzi si kuwatukuza wafalme waliowakandamiza raia? Swali hili halikuwa la nadharia tu katika China ya Zhu. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni (1966-1976) vitu vya kale vilihesabiwa na wengi kuwa masalia ya ukabaila, na Zhu mwenyewe alipelekwa mkoani Hubei kufanya kazi za shamba kwa miaka kadhaa. Kasri lilinusurika kwa kufungwa milango na kulindwa.

Maisha ya Zhu yenyewe yanajibu. Mwaka 1953 familia yake iliyapa makumbusho nakala za maandishi ya mawe za aina 706, ambazo baba yake alizikusanya maisha yake yote. Mwaka 1976 samani zao za thamani zilipelekwa kwenye kasri la zamani la Chengde, na maelfu ya vitabu vikapewa taasisi ya utafiti. Mtu aliyezijua samani za wafalme kuliko karibu wenzake wote aliishi katika nyumba duni, na ukutani alitundika maandishi ya rafiki yake Qi Gong yaliyoiita nyumba ya konokono.

Tena, tuwalinganishe Yuan na Zhu. Yuan alitaka kumrudisha mfalme, akakitupa kiti. Zhu alikirudisha kiti pasipo mfalme. Wa kwanza alihitaji kiti cha kukalia, wa pili alihitaji kiti kiseme kweli juu ya waliokikalia. Kukificha kiti hakufuti dhuluma ya mwenye kiti. Huwanyima tu wajukuu ushahidi.

Hitimisho

Tumeona kwamba utafiti wa Zhu Jiajin ulisimama juu ya nguzo tatu: kitu chenyewe, maandishi, na picha. Kila moja peke yake ingepotosha. Kiti bila picha kilikuwa kuni. Picha bila kiti ingekuwa kumbukumbu ya kilichopotea. Na vyote viwili bila mchoro wa Kangxi vingewaacha mafundi wakibuni vipande vilivyokosekana.

Kwa wanafunzi wetu wa lugha na fasihi, fundisho haliko mbali. Nasi tuna mali ambayo daftari lake halijakamilika: majina ya sehemu za mlango wa nakshi, ya aina za viti na vitanda, ya vifaa vya seremala wa jahazi. Wazee wanaoyajua wapo, ila hawatakuwapo siku zote. Wajumbe waliolihesabu kasri la Beijing hawakungoja kufika kwenye taji ndipo waanze kuandika. Walianza na kigoda kilichokuwa mlangoni.